Stima ya Kisian na safari ya hatua za mwisho

Ukitoka Kisumu mjini kuelekea magharibi, barabara inagawanyika Kisian: moja inapanda Maseno hadi Busia, nyingine inaambaa ziwa kwenda Bondo. Leo nguzo za stima zimejaa pande zote mbili. Haikuwa hivyo, na sababu yake haikuwa umbali.

Mwaka 1922 kampuni ya umeme ya Mombasa na ile ya Nairobi ziliungana kuwa East African Power and Lighting. Ilikuwa kampuni ya biashara, basi ilivuta waya palipokuwa na wa kulipa: bandarini, viwandani, mitaa ya wakubwa. Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls lilifunguliwa Jinja, ng'ambo ya ziwa hili hili, na Kenya ikaunda kampuni ya kununua umeme huo. Laini kuu ilitoka Tororo, ikapitia Lessos, ikaenda zake Nairobi. Wanakijiji wa Nyanza, majirani wa Jinja, wakabaki na koroboi. Ule ulikuwa uamuzi wa watu, tusiuite bahati mbaya.

Mpango wa umeme vijijini ulianza 1973, ukafikia zaidi masoko, shule na zahanati kuliko maboma. Hata kituo cha umeme cha Sondu Miriu kilipoanza kuzalisha megawati 60 kutoka mto wa hapa hapa Nyanza, mwenye nyumba bado alidaiwa takriban shilingi 35,000 ili aunganishwe. Mkulima wa mtama angezitoa wapi? Mradi wa Last Mile wa 2015 ndio uliofungua mlango: walio ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma waliunganishwa kwa shilingi 15,000, tena kwa awamu. Asiyekuwa na nyaya ndani ya nyumba aliwekewa ubao mmoja wenye swichi, soketi na holda ya balbu.

Hapo Kisian pana kituo cha utafiti cha KEMRI, kinachojulikana kwa tafiti za malaria. Stima ikikatika, sampuli zinazotunzwa huko kwenye baridi kali haziwezi kungoja irudi; nyumba ya kawaida inaweza. Hatari ya nyumba ya kawaida iko kwingine.

Volti 240 zikishapita kwenye mita, usalama uko mikononi mwa fundi. Waya wenye moto ukigusa bati la friji, waya wa ethi ndio unaoupeleka mkondo ardhini ili swichi kuu ikate. Bila huo, mkondo humngoja mtu atakayeshika mlango. Vilima vya Kisian ni vya mawe, na mwamba mkavu haupitishi umeme vizuri. Fimbo ya ethi iliyochomekwa juu juu ni pambo tu. Lazima ifike kwenye udongo wenye unyevu, kisha ipimwe.

Kwa hiyo, kabla hujamlipa fundi, mwambie akuonyeshe leseni yake ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati, na asiondoke kabla hajaipima ethi mbele yako.