Kifyatulio kizito cha Lee-Enfield: dawa yake si tupa

Bunduki ya Lee-Enfield, iliyokuwa silaha kuu ya askari wa miguu wa Uingereza kwa zaidi ya nusu karne, ingali mikononi mwa walenga shabaha na wawindaji katika nchi mbalimbali, miaka mingi baada ya kuondolewa jeshini na kuuzwa kwa raia.

Katika Afrika Mashariki, silaha hiyo ilibebwa na askari wa King's African Rifles, maarufu kwa jina la Keya, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Lalamiko la wengi wanaoinunua ni moja. Kifyatulio chake, yaani kile kidole cha chuma kinachovutwa ili risasi itoke, ni kizito na hukwaruza. Mkono hutikisika kabla ya risasi kutoka, na shabaha hupotea.

Uzito huo uliwekwa kwa makusudi. Askari aliye na baridi, uchovu au hofu, akikimbia katika handaki pamoja na wenzake, hakupaswa kupewa kifyatulio kinachoachia kwa kuguswa tu.

Kwa sababu hiyo mvuto uligawanywa katika hatua mbili. Bunduki inapokokiwa, pini inayopiga kitako cha risasi hushikwa na kipande kidogo cha chuma kiitwacho kizuizi. Kifyatulio kina nundu mbili juu yake. Nundu ya kwanza hukisogeza kizuizi kwa ulaini, na ya pili hukimalizia kwa nguvu zaidi. Kipimo cha jeshi kilikuwa takriban kilo 1.4 hadi 1.8 kwa hatua ya kwanza, na kilo 2.3 hadi 3 kwa ya pili.

Bunduki isiyotimiza vipimo hivyo mara nyingi haina kasoro katika nundu. Katika matoleo ya zamani, kifyatulio kilifungwa kwenye chuma cha chini kinachokilinda, ilhali kizuizi kilifungwa kwenye mwili wa bunduki. Kati ya viwili hivyo palikuwa na mbao. Mbao ilipovimba kwa unyevu au kunywea kwa ukavu, umbali ulibadilika na mvuto ukabadilika nao.

Waingereza wenyewe waliliondoa tatizo hilo mwaka 1949 katika toleo la No. 4 Mk 2, ambalo kifyatulio chake kilifungwa moja kwa moja kwenye mwili wa bunduki. Bunduki nyingi za No. 4 za awali zilirekebishwa kwa mfumo huo.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni usafi. Grisi ya kuhifadhia, ambayo huganda kwa miaka, huondolewa kwa mafuta ya taa, kisha sehemu hizo hukaushwa na kupakwa mafuta mepesi ya bunduki. Hatua ya pili ni kukagua mbao na kukaza skrubu za chuma kinacholinda kifyatulio. Ya tatu ni kubadilisha springi iliyochoka au kipande kilicholika.

Kusugua nyuso zinazogusana ni kazi ya fundi bunduki aliyesajiliwa. Yeye hulainisha mikwaruzo bila kugeuza pembe wala kupunguza kina cha mshiko. Ugumu wa chuma hicho unaweza kuwa wa ngozi ya juu tu, na tupa ikiupenya, chuma laini kilicho chini hulika upesi. Kifyatulio kilichosifiwa leo kwa wepesi huweza kesho kuachia chenyewe.

Baada ya matengenezo yoyote, bunduki hujaribiwa ikiwa tupu. Magazini hutolewa, na chemba huangaliwa kwa jicho na kupapaswa kwa kidole. Kisha bolti hufungwa kwa nguvu mara kadhaa, na kitako hugongwa sakafuni juu ya mpira. Pini ikiachia hata mara moja, bunduki hiyo haifai kutiwa risasi.

Mwisho, uzito hupimwa kwa mizani ya springi, mtutu ukielekezwa juu. Hatua zote mbili zikisikika waziwazi na vipimo vya jeshi vikitimia, kazi imekwisha. Kinachobaki ni mazoezi ya kidole cha mlengaji.