Daraja na nyumba: namna gani kujua kama itasimama ao itaanguka

Tarehe 15 Novemba 2025, ku mugodi wa Kalando, fasi ya Mulondo hapa Lualaba, daraja ya kujitengenezea ilianguka kwenye shimo lenye kujaa mayi. Serikali ya provensi ilisema watu 32 kwa uchache walikufa. Ilieleza pia kama wakrezeri walikuwa wamekatazwa kuingia, sababu ya mvua na hatari ya udongo kuporomoka. SAEMAPE, kazi ya serikali yenye kuangalia wachimbaji wadogo, ilieleza kama risasi zililia, watu wakashikwa na woga, wakakimbia wote mara moja, wakaangukiana.

Hapa Kasaji na pembeni yake, kila mutu anajua daraja za miti. Barabara ya Kolwezi kuenda Dilolo iko na njia ndogo mingi zenye kuingia ku vijiji, na ku vijito vingi watu wanalalisha miti, wanaweka mbao juu, kazi imeisha. Pikipiki inapita, kinga ya makala inapita, siku moja kamio inafika. Dereva anashuka, anaangalia, anauliza: itabeba?

Maenjenieri wako na namna ya kujibu ile ulizo. Hawaanze na kuuliza kama muti ni munene. Wanaanza na kuuliza kama kitu chenyewe kinaweza kusimama. Hayo ni mambo mawili mbalimbali: nguvu, na kusimama imara. Meza ya muti muzuri inaweza kuanguka bila muguu hata moja kuvunjika.

Kwanza: kinashikiliwa wapi?

Kila kitu chenye kujengwa kinaweza kutembea kwa namna tatu, kama unakiangalia kwa upande moja: kupanda na kushuka, kuteleza kando, na kuzunguka. Ili kisimame, kinapaswa kushikiliwa juu ya hizo namna zote tatu. Kama inakosa moja, hakuna unene wa muti wenye utasaidia.

Mufano ni muti wenye kulalishwa tu juu ya kingo mbili za kijito. Udongo unaukataza kushuka, lakini hakuna kitu chenye kuukataza kuteleza ao kujiviringisha. Siku za jua hakuna shida. Siku mayi inapanda na kuusukuma, ao gurudumu linaupiga kwa kando, unaenda. Njo maana fundi mwenye akili anachimba fasi ya kulalia muti, anapigilia vigingi pembeni, na anafunga miti yote pamoja.

Pili: pembe tatu

Piga misumari mbao ine, ufanye dirisha. Sukuma kona moja: dirisha linalala. Sasa piga ubao wa tano toka kona moja mupaka kona ya kuangaliana nayo. Halilale tena. Pembe tatu haiwezi kubadilika umbo bila ubao kuvunjika ao kurefuka, lakini pembe ine inaweza.

Hesabu yake ni rahisi. Kwa shalpanti ya paa ao daraja ya vyuma yenye kutengenezwa na vipande vyenye kuunganishwa ku vifundo, hesabu vifundo, zidisha mara mbili, toa tatu. Hiyo njo hesabu ya vipande vyenye kuhitajika, kwa uchache. Vifundo vitatu vinaomba vipande vitatu. Vifundo vine vinaomba vitano, na dirisha letu lilikuwa na vine tu. Lakini kutimiza hesabu haitoshi. Kama vipande vimejaa upande moja na upande mwingine uko na pembe ine wazi, paa italala palepale penye wazi.

Wale wenye kupita kwenye reli waangalie daraja za vyuma: mara mingi wataona pembe tatu, moja kisha ingine. Hazikuwekwa kwa urembo.

Tatu: nguzo yenye kupinda

Kamata fimbo nyembamba na ndefu, simamisha, gandamiza kwa juu. Haivunjike kwanza: inapinda kwa kando, kisha inakatika. Mwalimu wa hesabu wa Uswisi, Leonhard Euler, aliandika kanuni ya jambo hili katika mwaka wa 1744, na maenjenieri wanaitumia mupaka leo. Inasema: kama nguzo inakuwa ndefu mara mbili, muzigo wenye kuipindisha unapunguka mara ine.

Hapa kuna faida kwa mutu wa kijiji. Nguzo ya metre 4 yenye kufungwa vizuri katikati inakuwa sawa nguzo mbili za metre 2, moja juu ya ingine, na inaweza kubeba mara ine mbele ya kupinda. Hakuna haja ya kukata muti munene zaidi. Lakini kile kifungo chenyewe kishikwe ku kitu chenye hakitembee. Kufunga nguzo mbili zenye kulegea, moja ku ingine tu, hakusaidie: zitapinda pamoja.

Ile kanuni iko na damu juu yake. Ku Québec, inchi ya Kanada, tarehe 29 Agosti 1907, daraja kubwa ya vyuma ilianguka wakati ilikuwa ingali inajengwa. Watu 75 walikufa. Vyuma vya chini vyenye kugandamizwa vilikuwa vimepinda, sababu uzito wa daraja yenyewe ulihesabiwa muchache kuliko ulivyokuwa kweli. Jambo la kuhuzunisha zaidi: wafanyakazi walikuwa wameona kupinda mbele ya siku ile. Enjenieri moja alisafiri mupaka New York kuuliza mukubwa wa kazi, na huyu alitoa agizo wasiongeze uzito. Agizo halikufika ku kazi kwa wakati.

Ine: udongo na mayi

Daraja nzuri juu ya udongo mubaya ni daraja mubaya. Muto ukijaa, unachimba udongo chini ya fasi daraja inalalia, na kutoka juu hakuna kitu kinaonekana. Duniani kote, hiyo ni moja ya sababu kubwa za daraja kuanguka.

Kwa shimo la mugodi ni vilevile. Mayi ikiingia katika udongo, inaongeza uzito na inapunguza nguvu ya chembe kushikana. Ukuta wenye kusimama wima katika Agosti unaweza kuporomoka Januari. Na hata wakati wa jua kuna hatari, kama mutu amechimba kwa chini: tarehe 27 Juni 2019, katikati ya musimu wa jua, galeri ziliporomoka ku mugodi wa KOV pale Kolwezi, na zaidi ya watu 40 walikufa.

Alama zenye kila mutu anaweza kuona

Mbele ya mvua kuanza, kamati ya kijiji ao mwenye nyumba anaweza kufanya hivi:

– Funga jiwe ku uzi, lening'inize pembeni ya ukuta ao nguzo. Kama ukuta unaachana na uzi, andika kipimo na tarehe. Rudilia kisha mwezi moja.
– Kwenye ufa, paka simenti kidogo kwa kuziba na andika tarehe. Kama simenti inapasuka, ukuta ungali unatembea.
– Mulango wenye ulikuwa unafunga vizuri na sasa unakwama, ni alama ya musingi kushuka.
– Toboa miti ya daraja kwa kisu, zaidi fasi inagusa udongo. Muchwa unakula ndani na kuacha ganda.
– Kisha kila mvua kubwa, shuka chini ya daraja. Usiangalie kutoka juu tu.
– Angalia nguzo kwa urefu wake, jicho moja. Yenye imeanza kupinda haitanyooka yenyewe.

Muzigo wenye kupita polepole si sawa na wenye kukimbia. Watu wenye kukimbia pamoja wanagonga daraja kwa nguvu kupita uzito wao. Kwa daraja ya miti, sheria ya kijiji inaweza kuwa fupi: gari moja kwa mara moja, abiria washuke, hakuna kukimbia.

Kwa daraja ya barabara ya taifa, ripoti inaenda Office des Routes. Kwa ya reli, inaenda SNCC. Ripoti nzuri inasema fasi, tarehe, na vipimo viwili vya siku mbalimbali. Wakati watu wanangoja jibu, kama nguzo imepinda, wafunge njia kwa miti na waweke mutu wa kulinda, usiku pia.