Raia Mwenye Shabaha: Kambi ya Perry na Mvutano kati ya Ulinzi na Mchezo, 1907–1996

Kambi ya Perry iko kwenye ufuko wa kusini wa Ziwa Erie, karibu na mji mdogo wa Port Clinton, jimbo la Ohio, Marekani. Ilipewa jina la Oliver Hazard Perry, ofisa wa jeshi la majini aliyeshinda kikosi cha meli za Waingereza katika ziwa hilo tarehe 10 Septemba 1813. Hata hivyo, umaarufu wa kambi hiyo haukutokana na vita vya majini. Tangu mwaka 1907 imekuwa makao ya mashindano ya kitaifa ya kulenga shabaha, ambamo askari na raia husimama katika mstari mmoja na kufyatua risasi kuelekea ziwani. Insha hii inachunguza kwa nini dola ilikubali kumgharamia raia ili ajifunze kulenga kama askari, na nini kilitokea pale dola yenyewe ilipoacha kuamini kwamba inamhitaji raia huyo.

Chimbuko la jambo hili ni wasiwasi wa kijeshi wa mwanzoni mwa karne ya 20. Katika vita vya mwaka 1898 dhidi ya Hispania, vikosi vingi vya kujitolea kutoka majimboni vilikwenda vitani na bunduki za zamani zilizotia risasi moja moja, ambazo baruti yake ilitoa moshi mwingi na kumfichua mpigaji. Adui wao alikuwa na bunduki za Mauser. Mwaka uliofuata vilizuka vita vya Makaburu na Waingereza huko Afrika Kusini, na majeshi ya nchi nyingi yakatazama kwa mshangao jinsi wakulima waliozoea bunduki walivyolitesa jeshi la dola kubwa. Somo lililotolewa huko Washington lilikuwa rahisi, pengine rahisi mno: taifa lisilopenda kuwa na jeshi kubwa la kudumu linaweza kujilinda iwapo raia wake wanajua kulenga. Kwamba Makaburu hatimaye walishindwa halikusemwa sana.

Ndipo mwaka 1903 hatua mbili zikachukuliwa. Ya kwanza ilikuwa sheria iliyosimamiwa na Charles Dick, mbunge kutoka Ohio, iliyoweka mgambo wa majimbo chini ya viwango vya jeshi la taifa na kuwafanya kuwa Walinzi wa Taifa. (Neno mgambo hapa lisimkumbushe msomaji askari wa halmashauri anayefukuza wamachinga, linahusu jeshi la akiba la jimbo, lenye maofisa, silaha na historia ndefu.) Ya pili ilikuwa kuundwa kwa Bodi ya Taifa ya Kuendeleza Mazoezi ya Bunduki, wakati Elihu Root akiwa waziri wa vita na Theodore Roosevelt akiwa rais. Bodi hiyo ilianzisha mashindano ya kitaifa mwaka huohuo huko Sea Girt, New Jersey. Sheria ya mwaka 1905 ikaruhusu silaha za ziada za jeshi kuuzwa kwa klabu za bunduki.

Uwanja wa Sea Girt ulikuwa mfinyu kwa umati uliotarajiwa. Ammon B. Critchfield, mkuu wa majeshi ya jimbo la Ohio, alitafuta ardhi tambarare ambayo nyuma yake hapana makazi, akaipata kando ya ziwa. Ujenzi ulianza mwaka 1906 na mashindano yakahamia hapo mwaka 1907. Uchaguzi huo ulikuwa na mantiki ya kiufundi: risasi iliyokosa shabaha ingeanguka majini. Ulikuwa pia na gharama ambayo watetezi wake waliitaja kwa sauti ya chini. Eneo la magharibi la Ziwa Erie ni la kina kifupi na lina samaki wengi, hivyo wavuvi na wenye mashua walilazimika kutangaziwa eneo la hatari kila bunduki zilipolia.

Ziwa lilikuwa na athari nyingine, na hii ndiyo iliyoipa kambi hadhi yake miongoni mwa wapigaji. Kwa umbali wa yadi 1,000, yaani karibu mita 914, risasi ya bunduki ya jeshi ya wakati ule ilitumia zaidi ya sekunde moja angani. Upepo wa kiasi unaovuma kutoka ubavuni uliweza kuisogeza mita 2 au zaidi, na upepo wa ziwani haukai mahali pamoja: hugeuka, hupungua, hurudi. Mpigaji alijifunza kusoma bendera, nyasi na mitetemo ya joto katika darubini kabla ya kugusa kifyatulio. Ujuzi huo haukuweza kufundishwa kwa gwaride. Ulipita kutoka kwa mzee wa klabu hadi kwa kijana aliyelala kifudifudi pembeni yake, na kwa namna hiyo kambi ya kijeshi ikawa pia mahali pa kurithishana maarifa ya kiraia.

Vita Kuu vya kwanza vilionekana kuthibitisha fikra ya waasisi. Mwaka 1918 ilianzishwa hapo shule ya silaha ndogo, iliyolenga kuandaa maofisa wa kwenda kuwafundisha wengine. Lakini vita hivyohivyo vilionyesha kwamba mizinga na bunduki za rashasha ndizo zilizoua zaidi, na kwamba mlengaji hodari wa yadi 1,000 alikuwa na nafasi finyu katika mahandaki. Shule iliendelea, hoja iliyoizaa ilikuwa imeanza kuchakaa. Katika Vita Kuu vya pili mashindano yalisimama, na kambi ikawekwa wafungwa wa kivita wa Kiitaliano na Kijerumani, ambao wengine walifanya kazi katika mashamba ya eneo hilo. Vibanda vidogo vilivyohusishwa na wafungwa hao vilikuja kuwa malazi ya washindani wa bunduki. Mashindano yalirejea kambini mwaka 1953.

Hoja ya ulinzi ilivunjika hadharani katika miaka ya 1960. Jeshi liliagiza uchunguzi kutoka kampuni ya ushauri ya Arthur D. Little, na ripoti yake ya mwaka 1966 iliunga mkono mpango wa kuwafundisha raia. Haikuokoa kitu. Vita vya Vietnam vilikuwa vikila fedha na askari, miji ya Marekani ilikuwa ikiungua kwa ghasia, na mauaji ya Martin Luther King na Robert Kennedy mwaka 1968 yaliufanya msaada wa serikali kwa wapiga bunduki kuwa mzigo wa kisiasa. Mwaka huo jeshi liliondoa msaada wake kwa mashindano. Wengi walitarajia yafe. Hayakufa, na sababu yake ilionekana chini, katika mahandaki ya shabaha. Kazi ya kupandisha na kushusha shabaha, kuziba matundu na kuonyesha alama, ambayo askari walikuwa wakiifanya kwa amri, sasa ilifanywa na washindani wenyewe kwa zamu. Aliyemaliza kufyatua aliteremka handakini kumhudumia aliyekuwa mpinzani wake. Dola ilikuwa imelea jumuiya kwa miongo sita. Ilipojitoa, jumuiya ilikuwa tayari inajua kila kazi.

Miaka miwili baadaye, tarehe 4 Mei 1970, Walinzi wa Taifa wa Ohio walifyatua risasi 67 katika muda wa sekunde 13 kwenye Chuo Kikuu cha Kent State, wakawaua wanafunzi 4 na kuwajeruhi 9. Silaha yao kuu ilikuwa bunduki ya M1, ileile iliyowahi kutawala viwanja vya Kambi ya Perry, ambayo ni mali ya kikosi hichohicho cha jimbo. Haifai kudai kwamba kambi ilisababisha mauaji. Hakuna mnyororo wa sababu unaounganisha mawili hayo. Linaloonekana ni pengo katika fikra ya mwaka 1903. Waasisi waliuliza kama raia mwenye silaha ataweza kulipiga lengo. Hawakuuliza nani atakuwa lengo siku ambayo mgambo wataelekezwa kwa raia wenzao.

Swali la nani hasa ni “raia” katika mpango huo lilifika mahakamani. Kwa muda mrefu, mtu aliyetaka kununua bunduki ya M1 kutoka serikalini alilazimika kuwa mwanachama wa Chama cha Taifa cha Bunduki (NRA). Katika kesi ya Gavett dhidi ya Alexander, mwaka 1979, mahakama ya shirikisho mjini Washington iliamua kwamba sharti hilo linakiuka katiba, kwa kuwa serikali haiwezi kumlazimisha mtu kujiunga na chama fulani ili apate manufaa ya umma. Hukumu hiyo inastahili uzito kuliko unaopewa kwa kawaida. Ilifichua kwamba kile kilichoitwa mafunzo ya taifa kilikuwa kimekabidhiwa, kwa sehemu, kwa chama chenye msimamo wake wa kisiasa.

Mwaka 1996 bunge lilimaliza jambo kwa njia ya kihasibu. Mpango ulihamishiwa shirika lisilo la kiserikali, ukanyimwa fedha za bajeti na kuachiwa ujitegemee kwa mauzo ya bunduki za jeshi zilizostaafu. NRA yenyewe ilihamisha mashindano yake hatua kwa hatua katika miaka ya 2010 kwenda Kambi ya Atterbury, jimbo la Indiana. Shirika jipya lilibaki Ohio, na shule ya silaha ndogo ya mwaka 1918 bado hufunguliwa kila kiangazi kwa raia wasiowahi kuvaa sare.