Kloni si Nakala Tu

Mwanafunzi wa kompyuta katika kampasi ya Chiromo, Nairobi, akitaka kujifunza jinsi seva zinavyogawana kazi, hana haja ya kununua seva tatu. Laptopu moja inamtosha, hata ya mtumba. Ndani yake anaunda mashine pepe, yaani kompyuta iliyotengenezwa kwa programu, ambayo diski yake ni faili moja kubwa. Anasakinisha mfumo wa Ubuntu mara moja, anaisasisha, anaweka programu za wavuti, kisha anaizalisha diski hiyo mara mbili. Hapo amekloni.

Kwa nini tusiseme amenakili? Kwa sababu Kiswahili tayari kina nakala rudufu, ile inayowekwa kando ikisubiri siku ya balaa. Nakala rudufu hulala. Kloni huwashwa, hupewa kazi yake, na kuanzia dakika hiyo huanza kutofautiana na mama yake, yaani diski ya awali. Wapo wanaopendekeza kupandikiza, lakini figo ikipandikizwa hutoka kwa mmoja ikaingia kwa mwingine, na hapa mama hapungukiwi na kitu.

Mimi nalitetea neno kloni kwa kuwa lilitoka shambani. Mwaka 1903 Herbert Webber, mtaalamu wa mimea wa Marekani, alilichota kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya kijiti, akaliita hivyo kundi la mimea inayozalishwa kwa vipande vya mmea badala ya mbegu. Mwaka huohuo, kwa sadfa tu, chai ilipandwa Limuru kwa mara ya kwanza nchini Kenya. Leo, ukishaipita Kangemi na Kabete ukapanda hadi huko, mkulima anayetaja kloni ya chai ya TRFK 6/8 haoni kwamba amesema jambo geni.

Kwenye kompyuta, taabu ya kloni ni kurithi hata kisichofaa kurithiwa. Ukinakili faili ya diski kiholela, VirtualBox, programu ya kuendesha mashine pepe, huikataa, kwa kuwa ina namba ya utambulisho iliyokwisha kusajiliwa. Ukitumia amri yake ya kukloni, diski hupata namba mpya, lakini vilivyomo ndani havijaguswa: jina la seva ni lilelile, funguo za SSH ni zilezile, na faili ya machine-id, yenye utambulisho wa mashine, haijabadilika hata herufi. Hiyo ya mwisho ndiyo yenye hila. Tangu Ubuntu 18.04 ya mwaka 2018, seva huomba anwani ya IP kwa kujitambulisha kwa machine-id. Ni kama watu wawili wenye namba moja ya kitambulisho katika Huduma Centre: hata wakivaa nguo tofauti, karani anamwona mtu mmoja. Kloni mbili hupewa anwani moja ingawa kadi zao za mtandao zina namba tofauti, na mwanafunzi anashinda akikagua ruta isiyo na kosa.

Dawa ni kuifanya faili hiyo iwe tupu kabla ya kukloni, ili kila mashine ijitungie yake inapowaka. Funguo za SSH zifutwe na kutengenezwa upya; jina libadilishwe.

Kuna pia kloni kamili na kloni tegemezi. Tegemezi huhifadhi mabadiliko yake tu na kusoma mengine kwenye diski ya mama, hivyo hubana nafasi vizuri kwenye laptopu ndogo. Diski ya mama ikifutwa, watoto wote hawawaki.