Haidrojeni Peroksaidi: Miaka Mia Mbili ya Kimiminika Kisichosamehe Uchafu

Mwaka 1818 mjini Paris, mwanakemia Louis Jacques Thénard alichanganya bariamu peroksaidi na asidi, akapata haidrojeni peroksaidi, kimiminika kinachofanana na maji lakini chenye tabia ya peke yake. Molekuli yake ina atomu moja zaidi ya oksijeni kuliko ya maji, na hiyo ya ziada ndiyo asili ya manufaa yake na ya hatari zake. Thénard aliona mapema kwamba kikidondokea ngozi kinaichoma na kuifanya nyeupe. Aliona pia kwamba kikigusa manganizi dioksaidi, fedha au platinamu, kinachemka ghafla na kutoa oksijeni na joto, huku madini hayo yakibaki yalivyo. Yote yaliyofuata, mema na mabaya, yalikwisha onekana katika maabara ile.

Kazi zake za mwanzo zilikuwa za amani. Ilitumika kurudisha weupe kwenye michoro ya kale ambayo rangi yake ya risasi ilikuwa imegeuka nyeusi, kisha ikang'arisha hariri, manyoya na nywele, na kusafisha vidonda. Yote hayo yalifanywa kwa mchanganyiko hafifu. Mwaka 1894 Mjerumani Richard Wolffenstein aliichuja kwa mvuke ndani ya ombwe, akaipata karibu safi kabisa: kimiminika kizito kuliko maji kwa karibu mara moja na nusu, kinachoganda chini kidogo ya nyuzi 0 za Selsiasi.

Aliyeigeuza kuwa nguvu ya mitambo ni mhandisi Hellmuth Walter wa Kiel, Ujerumani. Peroksaidi ya asilimia 80 au zaidi ikipita juu ya kichocheo hugeuka yote kuwa mvuke mkali na oksijeni, bila kuhitaji hewa kutoka nje. Kwa injini inayofanya kazi chini ya bahari, hiyo ni neema kubwa. Mwaka 1940 nyambizi yake ya majaribio, V-80, ilikwenda chini ya maji kwa zaidi ya kilomita 50 kwa saa, wakati nyambizi za kawaida zilijikokota kwa takriban 14. Peroksaidi iliirusha pia ndege ya kivita Me 163, na ilizungusha pampu za mafuta za roketi ya V-2.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, washindi waligawana ujuzi huo. Waingereza walijenga nyambizi mbili za majaribio, Explorer na Excalibur. Tarehe 28 Oktoba 1971, kutoka Woomera, Australia, roketi yao ya Black Arrow iliyotumia peroksaidi na mafuta ya taa iliipeleka angani setilaiti ya Prospero. Wamarekani waliitumia kugeuza vyombo vya Mercury vilivyobeba wanaanga wao wa kwanza. Roketi za Soyuz nazo zimezungusha pampu zao kwa kimiminika hiki kwa miongo mingi.

Lakini bahari ilidai gharama yake. Tarehe 16 Juni 1955, katika bandari ya Portland, Uingereza, topido yenye peroksaidi ililipuka ndani ya nyambizi Sidon. Wakafa watu 13, mmoja wao daktari aliyeingia kuwaokoa wenzake. Jeshi la majini la Uingereza likaachana na topido hizo. Urusi iliendelea nazo, na tarehe 12 Agosti 2000 nyambizi Kursk ilizama katika Bahari ya Barents pamoja na watu wote 118. Uchunguzi rasmi ulisema chanzo ni peroksaidi iliyovuja ndani ya topido ya mazoezi.

Maafa hayo yanafundisha mambo mawili. Kwanza, peroksaidi kali haivumilii uchafu: kutu, shaba, vumbi au tone la damu huanzisha mchemko, na joto la mchemko huuharakisha zaidi. Pili, haifai kufungiwa: oksijeni inayozaliwa lazima ipate pa kutokea. Ndiyo maana huhifadhiwa katika aluminiamu safi au plastiki maalumu, kwa vifuniko vyenye tundu la kupumulia, mahali pa baridi na giza. Iliyomiminwa hairudishwi kwenye chombo chake. Nguo, mbao na ngozi huwekwa mbali, kwa kuwa zikilowa zinaweza kuwaka zenyewe. Anayeishika huvaa miwani, glavu na aproni visivyopitisha kemikali, na ikimwagika huzimuliwa kwa maji mengi.

Chupa ya asilimia 3 ya duka la dawa ina oksijeni kidogo mno kuleta balaa la namna hiyo, na ile ya saluni kwa kawaida haizidi asilimia 12. Hata hivyo nayo huunguza macho na ngozi. Hatari kubwa ni ya asilimia 35, ambayo wapo wanaoiuza kama dawa ya kunywa inayotibu kila ugonjwa. Ikinywewa huunguza koo na tumbo, na mapovu ya oksijeni yanaweza kuingia katika mishipa ya damu na kuua. Msomaji, usiinywe, wala usimruhusu mtu wa nyumbani kwako kuinywa. Soma asilimia kwenye chupa kabla ya kufungua kifuniko, na kali iachie wenye mafunzo na vifaa vyake.