Zanzibar: Beit al-Ajaib na gharama ya kuahirisha matengenezo

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya mbele ya Beit al-Ajaib iliporomoka pamoja na mnara wake wa saa, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar. Watu wawili walipoteza maisha. Wakati huo jengo lilikuwa likikarabatiwa kwa ufadhili wa Oman, nchi yenye uhusiano wa karne nyingi na visiwa hivyo. Umma ulikuwa umezuiwa kuingia tangu mwaka 2012, baada ya sehemu ya roshani kuanguka. Kati ya onyo hilo lililoonwa na kila mpita njia wa Forodhani na maafa yenyewe ilipita miaka minane.

Ipo taaluma inayoshughulika na miaka ya namna hiyo, nayo ni usimamizi wa majengo. Kwa watu wengi jina hilo huleta picha ya mlinzi mwenye funguo na fundi anayeitwa bomba likipasuka. Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kiwango maalumu cha taaluma hiyo mwaka 2018, kiitwacho ISO 41001, na humo wajibu wa kwanza umewekwa mabegani mwa uongozi wa juu wa taasisi. Viongozi ndio wanaotakiwa kuamua jengo litumike kwa lengo gani, lidumu kwa miaka mingapi, ligharimiwe kutoka kasma ipi na nani atawajibika likiharibika. Fundi huja baadaye.

Beit al-Ajaib ilijengwa mwaka 1883, katika enzi ya Sultani Barghash bin Said, kwa ajili ya sherehe na hadhi ya dola. Nyumba za kawaida za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Boriti hizo ni fupi, na urefu wake ndio unaoamua upana wa chumba. Ndiyo sababu vyumba vya mji huo huwa virefu na vyembamba. Kasri la Barghash halikujifunga na kanuni hiyo. Lilitumia mihimili ya chuma, na baraza zake pana zikabebwa na nguzo za chuma cha kusubu, hata dari zikaweza kuinuliwa juu kupita kawaida. Humo ndimo taa za umeme zilimowaka mapema kuliko kwingine kisiwani, na lifti ikafuata. Wenyeji wakaiita nyumba ya maajabu.

Maajabu hayo yalikuja na madai yake. Chuma kilichopachikwa ndani ya jiwe, mita chache kutoka baharini, hupata kutu. Kutu huvimba, na uvimbe huo hupasua jiwe kutoka ndani. Jengo la namna hiyo haliwezi kutunzwa kwa mazoea ya nyumba ya chokaa na boriti peke yake. Linahitaji ratiba yake, mafundi wake na rejesta ya kila mhimili.

Badala ya ratiba moja, jengo lilipata wakazi wengi. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza zilishambulia makasri ya Zanzibar katika vita vilivyodumu chini ya saa moja. Beit al-Ajaib ilinusurika ikiwa na madhara madogo, lakini mnara uliokuwa mbele yake uliharibiwa, na katika ujenzi uliofuata mnara mpya wa saa ukaunganishwa na uso wa jengo. Kuanzia mwaka 1911 likawa ofisi za serikali ya kikoloni. Baada ya Mapinduzi ya 1964 lilitumika kwa mafunzo ya chama tawala, na baadaye likawa makumbusho. Kila badiliko la matumizi hubadilisha mzigo unaobebwa na sakafu, mahali watu wanapokusanyika na jina la mwenye kuwajibika. Kila makabidhiano yangestahili kuambatana na ukaguzi ulioandikwa. Bila hati hiyo, mkazi mpya hurithi nyufa asizozijua.

Mji unaolizunguka jengo hilo una mipango yake. Baada ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa na kukaliwa na familia zilizolipa pango dogo, lisilotosha hata lipu ya ukuta mmoja. Mwaka 1985 iliundwa mamlaka ya uhifadhi na uendelezaji wa Mji Mkongwe. Mwaka 1994 ukaandaliwa mpango mkuu wa uhifadhi kwa msaada wa Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni. Na mwaka 2000 UNESCO ikauandika mji katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hatua hizo si haba. Hata hivyo, mpango wa mji hueleza kinachoruhusiwa na kilichokatazwa. Hausemi ni nani atapanda juu ya paa la jengo fulani wiki ijayo.

Na paa ndiko mambo huanzia. Maji ya mvua yakikosa njia kwa sababu mfereji umeziba majani, huingia juu ya ukuta na kushuka polepole ndani yake. Chokaa hupumua, kwa hiyo ukuta wa zamani hulowa na kukauka. Mtu akiuziba kwa saruji, kwa nia njema na kwa kuwa saruji iko dukani, unyevu hunaswa ndani, chumvi hujikusanya, na jiwe huanza kumomonyoka nyuma ya lipu inayoonekana nzima. Ncha za boriti zilizomo ukutani huoza kwanza, kisha mchwa humalizia. Jengo lililofungwa huharibika haraka zaidi, maana hakuna anayelala humo akasikia tone la maji usiku. Kufunga mlango huwaokoa watu walio nje, nao ni uamuzi sahihi. Ila kuanzia siku hiyo ukaguzi unapaswa kuongezwa.

Suala la fedha linafahamika pia. Mwaka 1990 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilipendekeza kwamba majengo ya umma yatengewe kila mwaka asilimia 2 hadi 4 ya gharama ya kuyajenga upya, kwa matengenezo ya kawaida tu. Kwa jengo la dola milioni 5, hiyo ni dola 100,000 hadi 200,000 kila mwaka, hata mwaka ambao hakuna kilichoharibika. Hapo ndipo uongozi hupimwa. Utepe hukatwa kwa jengo jipya, wala hakuna waziri aliyewahi kualikwa kuzindua mfereji uliosafishwa. Wafadhili nao hupenda mradi wenye mwanzo na mwisho, ilhali matengenezo hayana mwisho.

Waswahili walikuwa na jibu lao kabla ya viwango vya kimataifa. Aliyeweka wakfu nyumba au msikiti mara nyingi aliweka pia duka au shamba, ili kodi yake ilipie chokaa, mafuta ya taa na mshahara wa mtunzaji. Chanzo cha fedha kilifungwa pamoja na jengo katika hati moja. Mali ya wakfu ilipotengwa na mapato yake, jengo lilibaki na heshima bila kipato.

Kwa hali ya hewa ya Zanzibar, ratiba ya mwaka si ngumu kuiandika. Februari, kabla ya masika ya Machi hadi Mei: mifereji, paa na mabomba ya kushushia maji. Juni, mvua ikiisha: picha za kila ufa, zilinganishwe na za mwaka uliotangulia. Septemba, kabla ya vuli: mifereji tena, pamoja na vyuma vyote vinavyotazama bahari. Desemba: ripoti ya kurasa chache, yenye jina na saini, mezani kwa kiongozi mwenye mamlaka ya kutoa fedha, kabla bajeti ya mwaka unaofuata haijafungwa.