Kutoka 109 Hadi Shangingi: Historia Fupi ya Magari ya Porini, Kwa Macho ya Mpanda

Wadau, tuanze na kaswali kadogo. Ile namba 110 kwenye Land Rover maana yake nini? Vijiweni utaambiwa ni spidi, mwingine atakuapia kuwa ni nguvu ya injini. Hapana. Ni inchi. Ni umbali kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma. Na 109 iliyoitangulia ni hivyo hivyo.

Nimeanzia hapo kwa sababu sisi vijana wa mjini tunajua sana majina ya magari na mwaka wa kutengenezwa, maana TRA nao wanaupiga hesabu mwaka huo kwenye ushuru. Lakini ukiuliza toleo hili lilibadilika nini na kwa nini, kimya. Kwa mtu wa Mpanda jibu la swali hilo limewahi kuwa suala la kufika au kulala porini.

Mchezo wa kubadili modeli kila mwaka ulikomaa Marekani miaka ya 1920, pale General Motors chini ya Alfred Sloan. Hesabu yake ilikuwa rahisi: badilisha sura ya gari kila mwaka, ili aliyenunua mwaka jana ajione amepitwa na wakati. Ndiyo maana Mmarekani hutaja gari kwa mwaka wake. Magari yao makubwa, kina Suburban na Bronco, hayakupata nafasi kwetu. Usukani upande wa kushoto, injini kubwa za petroli, na vipuri utavipata wapi ukiwa Inyonga?

Hata hivyo, babu wa magari yetu yote ya porini ni Mmarekani: Jeep ya jeshi ya Willys ya mwaka 1941. Baada ya vita, Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa na Jeep shambani kwake Anglesey, kule Wales, akaona Waingereza nao wanaweza kutengeneza yao. Land Rover ikaonyeshwa Amsterdam Aprili 1948. Bodi ikawa ya alumini kwa sababu chuma kilikuwa kinagawiwa kwa mgawo. Kumbe ile sifa ya bodi isiyooza kwa kutu ilizaliwa na shida tu! Wajapani nao mwaka 1951 walitoa gari la Toyota lililoitwa BJ, likafahamika kama Toyota Jeep, hadi mwaka 1954 lilipopewa jina la Land Cruiser.

Mpanda ilikuwaje wakati huo? Risasi ilikuwa inachimbwa Mukwamba, na kwa ajili ya mgodi huo Waingereza walijenga reli ya kilomita kama 210 kutoka Kaliua, ikafika Mpanda mwaka 1950. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikabaki. Ukishuka kwenye treni, safari ya kwenda Karema, Usevya au Inyonga ilikuwa ya barabara za udongo, misitu ya miombo na mbuga za udongo mweusi ambao mvua ikinyesha unanasa tairi kama gundi. Juu ya hapo kuna ndorobo, ambao hupenda kufuata vitu vinavyotembea, hasa vyenye rangi ya bluu na nyeusi. Kwa hiyo wadau, gari jeupe porini si suala la usafi.

Sasa tazama matoleo ya Land Rover kwa jicho la barabara hizo. Series II ilitoka mwaka 1958. Mwishoni mwa miaka ya 1960 taa za mbele zilihamishwa kutoka kwenye shoo hadi kwenye mabawa. Mwaka 1971 ikaja Series III, na giaboksi ambayo dereva angeweza kuingiza gia zote nne za mbele bila kuzikwaruza. Mwaka 1983 ikaja One Ten, ikaacha springi za vyuma bapa na kutumia za koili. Hilo lilikuwa badiliko la kweli. Gari likaacha kuruka kama mbuzi, tairi likawa linabaki ardhini hata kwenye mashimo.

Lakini lilichelewa. Land Rover za zamani zilikuwa na sifa mbaya ya kukata shafti za nyuma, na nchi yetu baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 haikuwa na fedha za kigeni za kununulia vipuri. Gari lililohitaji vipuri mara kwa mara likakutana na nchi isiyo na vipuri. Unategemea nini?

Hapo ndipo Mjapani alipopita. Novemba 1984 Toyota walitoa Land Cruiser ya 70, hii tunayoiita hardtop au mkonga kwa sababu ya lile bomba la kuvuta hewa linalopanda hadi usawa wa paa. Mwaka 1990 wakaipa injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2, silinda sita, haina turbo, haina kompyuta. Mwaka 1999 springi za mbele zikawa za koili, na nati za gurudumu zikapungua kutoka sita hadi tano. Mwaka 2007 boneti ikapanuliwa. Basi! Miaka zaidi ya 20, mabadiliko unayahesabu kwa vidole, na injini ikaendelea kuwa ile ile. Kwa Sloan huo ni wendawazimu. Kwa fundi wa Mpanda ni baraka, maana alichojifunza kwenye gari la 1990 kilimlisha hata kwenye gari la 2010, na kipuri cha gari bovu kikaponya gari zima. Miradi ya wafadhili ilipoongezeka nchini, hardtop nyeupe yenye namba za DFP ikawa alama yake.

Kisha likaja tawi la pili la ukoo huo huo. Land Cruiser ya 80 ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, yenye daraja la VX, ndiyo Watanzania waliibatiza shangingi. Ikafuata ya 100 mwaka 1998, ya 200 mwaka 2007 na ya 300 mwaka 2021. Hapa mambo ya Detroit yakarudi kwa mlango wa nyuma. Kila toleo linakuja na viti vya ngozi zaidi na vioo vya umeme zaidi, na kila bosi mpya anajisikia vibaya kupanda la bosi aliyemtangulia. STK mpya, heshima mpya.

Na ajabu ni kwamba mmoja wa waliolisema hilo hadharani alitoka Mpanda. Mizengo Pinda, aliyejiita mtoto wa mkulima, alipokuwa Waziri Mkuu kati ya 2008 na 2015 alikemea ununuzi wa magari ya kifahari serikalini. Ukitoka upande huo wa nchi unaelewa. Kutoka Karema hadi Mpanda mjini ni zaidi ya kilomita 100, na mama mwenye uchungu pingamizi hahitaji viti vya ngozi. Anahitaji hardtop yenye kitanda nyuma na matairi mazima. Ni kampuni moja, jina moja la Land Cruiser, fedha za walipa kodi wale wale. Tofauti ni nani anapanda.

Leo Katavi ni mkoa kamili tangu 2012, na lami imeiunganisha Mpanda na Tabora na pia Sumbawanga. Mwaka 2023 Toyota waliitoa tena ile ya 70 ikiwa na taa za mviringo kama za babu yake, lakini safari hii unaweza kuipata na injini ndogo ya lita 2.8 na gia za kujiendesha. Inakunywa mafuta kidogo, ni kweli. Ila ikigoma inataka kompyuta ya kuisoma, na fundi wa nyundo na spana atabaki anaitazama.

Kwa hiyo bajeti ya halmashauri yako ikitaja ununuzi wa gari, usiishie kwenye bei. Uliza ni toleo gani, linakwenda barabara ipi, nani atalitengeneza likiharibika, na nani atakaa ndani. Maswali manne tu. Nawasilisha.